Stakabadhi ya Chura

Chura huyu ametoka majaruba ya Kitere.
Mchopa alimleta ndani ya dumu la mafuta ya kula
lililotobolewa kwa msumari wa moto.
Hakulia njia nzima, alisema Mchopa. Koo tu ndilo lililocheza.

Mimi kazi yangu ni kukata.
Nta ngumu, wembe wa mashine, mkono usiotetemeka
(hutetemeka asubuhi, kwa hiyo nakata mchana).
Vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu
navitandaza juu ya kioo, navitia rangi,
nasubiri umeme wa Mtwara ukumbuke kurudi.

Dokta Nampanda akainamia hadubini, akakaa kimya kitambo.
Likanga, akasema, njoo uone.

Nikaona uzi.

Umo ndani ya maji ya ubongo,
maji maangavu ambayo chura mwenyewe hajui kama anayo.
Unaanzia darini, chini ya kidaraja cha neva,
ambako seli ndefu zimesimama bega kwa bega
zikitema utomvu wa protini na sukari.
Utomvu ukiguswa na maji hushikamana,
na uzi unashuka:
mfereji mwembamba, chemba ya nne, tundu la uti wa mgongo,
hadi kule mwisho, mkia ulipokuwa
zama za uluwiluwi.
Juu unasukwa, chini unabomoka,
na katikati hausimami hata usiku.
Ming'oko ya stendi ni minene mno kuufananisha.

Wala haushuki mtupu.
Dopamini ikipita inaelea, uzi unaidaka.
Noradrenalini, ile ya moyo kwenda mbio, inanasa.
Serotonini nayo, inanasa.
Dokta akatafuta mfano, akakosa.
Nikampa mimi, mtoto wa mkulima wa korosho:
ni magunia juu ya lori la chama cha msingi.
Yanapimwa, yanashonwa, yanakwenda ghalani,
wewe unabaki na karatasi.
Akacheka. Na malipo?
Hapo, Dokta, ndipo sayansi yenu na ushirika wetu
mnapofanana.

Maana hakuna ajuaye kwa hakika
mzigo ukifika mwisho wa mgongo unapokewa na nani.
Huenda damu inauchukua.
Huenda ni taka tu zimefagiwa.
Huenda kule chini ipo seli inayotega sikio
kwa habari za kichwani, zilizochelewa siku kadhaa.

Ligula wameniandikia kidonge, kimoja kila siku.
Muuguzi alinieleza polepole, kama anayemsemesha mtoto:
kinazuia serotonini isizolewe mapema.
Basi kwangu mfagiaji anashikwa mkono,
kwa chura anaachwa apite.
Nikauliza: na sisi, uzi huu tunao?
Dokta akafuta miwani kwa ncha ya koti.
Kiungo kinachousuka, alisema, huonekana kwa mtoto tumboni,
kisha hunyauka.
Mtu mzima hana.

Sikumwambia kitu.
Sikumwambia kuhusu usiku ule wa masika
ndugu yangu Nalinga alipogonga mlango mara tatu,
nikadhani ni nipa, nikageukia ukutani.
Vyura walikuwa wakilia bondeni. Wao niliwasikiliza.
Asubuhi jirani ndiye aliyeniita nje.

Mwaka wa sita huu, na kugonga kule bado kunaelea,
kunazunguka maji yale yale,
hakuna wa kukudaka, hakuna wa kukushusha
hata mgongoni tu, hata kiunoni,
mahali pa kuumia bila kukumbuka.

Nikaandika lebo:
Chura namba 14. Kitere. Uzi: upo.
Chini yake, kwa penseli:
Likanga. Mkanaledi. Uzi: haupo.
Nikaifuta hiyo ya pili.
Umeme ukakatika tena, wembe ukiwa nusu ya kipande,
na zamu yangu imebakiza nusu saa.